Maswali Yenu: Nimeandikia Diwani Imeli, Mbona Kimya?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja juu ya kitu kimoja, kuandikia viongozi tuliowachagua, na nimefurahi kuyasoma juu inaonyesha watu hawataki tena kulalamikia kwa group za WhatsApp peke yake. Nimechagua matano. Majina ya wadi na ya viongozi nimeyatoa.

SWALI: Mwalimu habari ya siku nyingi. Mimi nauza omena na mboga hapa Kisumu. Mtaro wa mtaa wetu umeziba tangu mvua ya mwezi wa nne, ikinyesha maji inaingia hadi kwa kibanda na kwa nyumba za watu. Niliandika imeli nikatumia mbunge, gavana na seneta wote kwa mpigo, hakuna hata mmoja amejibu. Vile niliandika ni hivi: "Mheshimiwa, sisi wananchi wa hapa tumechoka. Tuliwapigia kura na mmetusahau. Mitaro imeziba, barabara mbovu, hospitali hakuna dawa, vijana hawana kazi, stima inapotea kila siku. Fanya kitu ama 2027 tutaonana." Niambie shida iko wapi. – Mama Omena, Kisumu

JIBU: Mama, pole sana kwa hiyo maji, na kila kitu umesema hapo ni cha kweli, hakuna mtu atakulaumu kwa kuchoka. Lakini hebu ukae kidogo kwa kiti cha yule kijana ama yule dada anayefungua imeli za mheshimiwa, juu mara nyingi si mheshimiwa mwenyewe anafungua, ni msaidizi. Anafungua yako, anaona "wananchi wa hapa", sasa hapa ni wapi? Kaunti ya Kisumu ina maeneo bunge 7 na wadi 35, hata mimi nimesoma nikashindwa kujua diwani wako ni nani. Halafu umempa mambo matano, na hayo matano ni ya ofisi tofauti kabisa. Stima ni Kenya Power. Dawa za zahanati ni kaunti. Mtaro pia ni kaunti. Barabara inategemea ni gani. Msaidizi hawezi kupigia mtu mmoja simu akamaliza, kwa hivyo anaiacha hapo akisema atairudia, na hairudii.

Kazi za serikali zimegawanywa kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, na hilo jedwali kila mtu angelisoma mara moja tu lingemwokolea shida nyingi. Kaunti ndio inashughulika na zahanati na hospitali za kaunti, masoko, taa za barabarani, takataka, maji na mitaro ya mvua, chekechea, polytechnic za vijijini, kilimo na mifugo. Serikali ya kitaifa inabaki na shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu na hospitali kubwa za rufaa. Kwa hivyo mtaro wako si wa mbunge, hata akisoma hiyo imeli mara kumi. Ni wa kaunti, na mtu wako kule ni diwani. Seneta anachunguza pesa za kaunti zimetumikaje, lakini hawezi kutuma watu na jembe.

Na diwani mwenyewe, wengi hawajui hii, si yeye anashika pesa ya kuzibua mtaro. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria za kaunti na kuchunguza wale wa gavana. Sasa ukimwambia "fanya kitu" hajui afanye nini, ama anajua lakini hujambana. Mwambie kitu anachoweza kufanya kwa kiti chake: aulize idara, aombe taarifa rasmi kwenye Bunge la Kaunti, asukume mradi uingie kwa bajeti.

Hiyo ya "2027 tutaonana" ningeitoa. Kura ni yako na haki ya kumnyima ni yako, lakini hayo maneno anayapata kila siku, na yanampa msaidizi sababu rahisi ya kukuweka kwa wale "wapinzani". Sema tu wewe ni mpiga kura wa wadi yake na kituo unachopigia, atajua mwenyewe inamaanisha nini. Mimi ningeandika hivi:

*Mada: Mtaro ulioziba nyuma ya soko, wadi ya (jina), naomba uzibuliwe kabla ya mvua ya Oktoba*

*Mheshimiwa Diwani,*

*Mimi ni mkazi na mpiga kura wa wadi yako, napigia kura Shule ya Msingi ya (jina). Mtaro unaotoka sokoni kupita nyuma ya shule umeziba tangu Aprili. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwa vibanda 12 na nyumba zilizo karibu, na watoto wanapita ndani ya maji machafu wakienda shule. Nimeweka picha mbili, moja ya Mei na moja ya wiki jana.*

*Naomba uulize idara ya kaunti inayosimamia mitaro huu utazibuliwa lini, na kama hauko kwa ratiba yao, uombe taarifa kwenye Bunge la Kaunti. Naomba jibu kufikia tarehe 15 Septemba. Niko tayari kumwonyesha mtu wako mahali penyewe asubuhi yoyote.*

*(Jina lako, mtaa, namba ya simu)*

Umeona ni fupi, inasomeka kwa simu bila kusukuma chini sana. Hiyo mada ya juu iandike hivyo hivyo yote, usiandike "Malalamiko" ama "Habari", juu msaidizi akisoma mada tu ameshajua ni nini, wapi na lini. Hivyo vibanda vihesabu wewe mwenyewe, zunguka uhesabu, usikadirie, juu mtu wa kaunti akija akipata ni vitano ile imeli yote inaonekana ya uongo. Picha zisiwe nzito sana, mbili zinatosha. Namba ya kitambulisho usiweke, haihitajiki kwa barua ya kawaida. Halafu kwa CC weka karani wa Bunge la Kaunti na msimamizi wa wadi, yule wa kaunti, ndio diwani ajue kuna macho mengine yameiona.

SWALI: Mwalimu, mimi ni wa boda hapa Nakuru. Nataka kuandikia mbunge lakini Kingereza yangu ni ya kuungaunga, naogopa watanicheka. Nitafute mtu aniandikie? – Rider, Kaptembwo

JIBU: Andika Kiswahili ndugu yangu, na usiombe msamaha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndio lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sawa na Kingereza. Hata maombi rasmi ya kwenda Bungeni, zile petisheni, zinakubaliwa kwa lugha zote mbili. Tena mimi naona watu wengi wakiandika Kingereza wanajificha nyuma ya maneno makubwa na shida yenyewe inapotea, wakati huyo huyo mtu akikuelezea kwa stage kwa Kiswahili unaelewa kwa dakika moja. Andika vile ungemwelezea mtu mzima unayemheshimu. Kama unataka mtu aisome kabla hujatuma, sawa, lakini asibadilishe maneno yako yakawa yake.

SWALI: Sisi ni wakulima wa miwa na mahindi huku Kakamega. Barabara ya kwetu trekta haipiti kukinyesha. Tuliandikia diwani mwezi wa saba, kusema ukweli alijibu, lakini alisema bajeti imeshapita tungoje mwaka ujao. Mwaka wa juzi tuliambiwa hivyo hivyo. Anatudanganya? – Mkulima, Kakamega

JIBU: Hapo diwani wenu anaweza kuwa anasema ukweli, na bado mkawa mmeonewa, juu hakuna aliyewaambia bajeti hupikwa lini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Nyinyi mliandika Julai, wakati pesa imeshagawanywa na kufungwa. Ni lazima muingie mapema, na tarehe zenyewe ziko kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, si siri.

Ya kwanza ni 1 Septemba. Kufikia hiyo siku kaunti inatakiwa iwe imepeleka kwa Bunge la Kaunti mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na mradi ambao hauko kwa huo mpango ni vigumu sana kupata pesa baadaye. Kwa hivyo barua yenu ya kwanza iende Julai hiyo hiyo ama Agosti, lakini isiombe barabara itengenezwe sasa, iombe barabara iingizwe kwa mpango wa mwaka ujao. Mnaona tofauti? Diwani hawezi kuwajibu "bajeti imepita" kwa ombi la namna hiyo. Ya pili ni 28 Februari, kuna taarifa ya sera ya fedha ya kaunti, hapo ndio wanaamua kila idara inapata kiasi gani. Ya tatu ni 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika kwa bunge la kaunti, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Juni kamati zinasikiliza maoni ya umma. Kila tarehe kati ya hizo tumeni imeli fupi kabla yake, mkitaja ile ya kwanza na siku mliyoituma. Mkitangaziwa kikao cha maoni hapo karibu, nendeni na nakala mkononi na muisome kwa sauti ndio iingie kwa kumbukumbu za kikao.

Lakini kabla ya hayo yote ulizeni hiyo barabara ni ya nani. Nyingi za vijijini ni za kaunti, ila zingine ziko chini ya KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, ambayo ni ya serikali ya kitaifa, na kama ni hivyo basi mmekuwa mkimsumbua mtu asiye yeye na mnafaa kuandikia mbunge. Ofisi ya kaunti ndogo ama ya wahandisi watawaambia. Na kwa barua semeni miwa inavyoharibika, hayo ndio mnayajua kuliko mtu yeyote ofisini: trekta ikikwama, miwa iliyokatwa inakaa shambani inakauka, inapoteza uzito, na mkulima analipwa kwa tani. Wekeni kilo mlizopoteza msimu uliopita kwa shamba moja ama mawili, na mwenye shamba akubali jina lake liwe hapo. Hesabu ya namna hiyo diwani anaweza kusimama nayo bungeni akaisoma vile ilivyo.

SWALI: Kwa group yetu ya vijana tulitumiwa imeli imeandikwa tayari, unabonyeza tu inaenda kwa wabunge kupinga mswada. Wengine wanasema ni kazi bure juu zote zinafanana, wengine wanasema utashikwa. Ukweli ni gani? – Msomaji wa Bungoma

JIBU: Nianze na hiyo ya kushikwa juu najua hofu ilitoka wapi. Mwisho wa Mei 2025 programa mmoja wa Nairobi alikamatwa kwa kutengeneza mtandao uliosaidia watu kutuma imeli bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, akalala ndani siku kadhaa, akashtakiwa. Juni hiyo hiyo mahakama ya Milimani ikatupa yale mashtaka, ikasema hayaonyeshi kosa lolote. Iliniuma sana kuona mtu analala selo kwa kusaidia wananchi kusema na Bunge lao, wakati Kifungu cha 118 kinaliamuru Bunge lenyewe lihusishe wananchi, na Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kuwasilisha maombi kwa serikali. Kutuma maoni yako kwa mbunge si kosa. Matusi na vitisho ni kitu kingine, hivyo hata kwa simu usitume.

Sasa hiyo ya kufanana. Wingi una maana yake, tusidanganyane. Juni 2024 simu za wabunge zilijaa ujumbe wa kupinga Mswada wa Fedha, watu wakaingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatautia sahihi. Siwezi kusema ni ujumbe ulifanya hivyo, lakini hakuna mbunge aliyesema hajui watu wake wanataka nini. Hata hivyo imeli mia mbili zilizo sawa neno kwa neno, msaidizi anazihesabu kama kitu kimoja kilichokuja mara mia mbili, na kama hujasema unatoka wapi haijulikani hata kama ni mpiga kura wa hapo. Ile ya group usiitupe, chukua hoja zake lakini futa mwanzo, uweke mistari miwili ama mitatu yako: wewe ni wa eneo bunge gani, unafanya kazi gani, hicho kifungu cha mswada kitakugusaje. Wa boda aseme bei ya mafuta, wa saluni aseme ya bidhaa zake. Taja namba ya kifungu, usiseme "mswada ni mbaya", juu kamati inapitia kifungu kwa kifungu na yule anayepanga maoni anatafuta namba.

Na usitumie mbunge wako peke yake. Mswada ukifika kwa kamati, Bunge huweka tangazo kwa magazeti na mtandao wake, na hapo kuna anwani ya karani wa Bunge na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Ile iliyokwenda kwa karani kabla ya hiyo siku ndio inaingia kwa kazi ya kamati, ya baadaye ni kilio tu. Ukitaka kujua mbunge wako yuko kamati gani na amesema nini bungeni, Mzalendo, shirika lenye tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge, wamekuwa wakifuatilia hayo tangu 2005, angalia kwao kabla hujaandika. Imeli inayoanza na "ulisema hivi bungeni" haisomwi kwa haraka haraka.

SWALI: Nimefuata yote unayofundishaga, imeli fupi, jambo moja, picha. Ni zahanati ya kwetu ilijengwa ikaachwa bila mlango, mwaka sasa. Mwezi umepita, kimya. Nifanye nini kingine? – Mwalimu mwenzako, Vihiga

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kimya pia kina hatua zake. Baada ya wiki mbili hivi jibu ile ile imeli yako ya kwanza, usianze mpya, uandike mistari miwili tu na tarehe uliyotuma, ndio zikae pamoja. Halafu piga simu ofisini uulize kwa heshima kama iliingia na ni nani anayeishughulikia, upate jina. Ukihitaji mbunge, Bunge la Taifa huketi Jumanne hadi Alhamisi kwa kawaida, kwa hivyo Ijumaa na Jumatatu ndio una bahati ya kumpata nyumbani. Wengine kweli hawafungui imeli, wanasoma WhatsApp, basi piga picha ya imeli umtumie huko, lakini imeli iwe imetangulia juu ndio yenye tarehe.

Ikiwa bado, acha kuomba kwa mwanasiasa, omba karatasi kwa ofisi. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inatoka kwa Kifungu cha 35. Andikia katibu wa kaunti, Kiswahili ama Kingereza, uombe nakala ya mkataba wa hiyo zahanati, jina la mkandarasi, pesa iliyotengwa na iliyolipwa hadi leo, na cheti cha kukamilika kama kipo. Huhitaji kueleza unazitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kuongeza 14 kama kazi ni kubwa, na wakinyamaza sheria inahesabu kwamba wamekukatalia. Hapo unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita Ombudsman, kabla siku 30 hazijaisha, na wana ofisi Kisumu, si lazima ufike Nairobi. Nimeona ofisi iliyonyamazia watu miezi mingi ikijibu barua ya namna hii, juu karani anajua hii ina tume nyuma yake.

Mkiwa wengi, pelekeni petisheni kwa Bunge la Kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa hiyo haki. Ingekuwa ni jambo la serikali ya kitaifa ingekwenda Bungeni Nairobi chini ya Kifungu cha 119, na kule kamati inatakiwa itoe jibu kwa muda uliowekwa na kanuni za Bunge. Hapo utaulizwa mambo mawili: ulijaribu kwa ofisi inayohusika ikakujibu nini, na kama kesi iko mahakamani. Hizo imeli zako zote na siku zake ndizo jibu la swali la kwanza, kwa hivyo zichapishe, zipange kwa tarehe, uziweke nyuma ya petisheni. Petisheni yenyewe iwe na majina, sahihi, anwani, na mwisho kabisa ombi lenyewe kwa sentensi moja. Chapisha nakala mbili, moja uiache kwa karani, nyingine akugongee muhuri wa kupokea na tarehe kabla hujatoka mlangoni.